Kalipa kubwa kwenye gari la kila siku: zinaongeza nini hasa?

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio dogo. Tafuta barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na mtu mbele wala nyuma. Fika kilomita 60 kwa saa, kisha kanyaga breki mpaka mwisho. Ukihisi pedali inatetemeka chini ya mguu, ABS imeshaingia kazini. Yaani breki ulizonazo zina nguvu ya kutosha kuyafunga magurudumu, na ABS ndiyo inayoyazuia yasifungwe. Ukifika hapo, gari litasimama wapi ni shauri la tairi na lami. Funga kalipa za pistoni 6 (kalipa ni kifaa ambacho pistoni zake hubana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu) na diski pana kama sinia, tairi ni lile lile, na umbali wa kusimama utabaki karibu pale pale.

Hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaoona kwamba kuboresha breki za gari la kwendea kazini ni kuchoma pesa, na kwa sehemu kubwa niko upande wao. Ila wanasahau jambo moja: hesabu yao ni ya kukanyaga mara moja.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo hupanda kwa mraba wa kasi. Gari likiwa kwenye 100 lina nishati mara 4 ya lilipokuwa kwenye 50. Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa huzalisha kilojuli 580 hivi, na sehemu kubwa huishia kwenye diski. Mara ya kwanza diski hulimeza joto hilo bila shida. Lakini chukua mteremko mrefu, watu 5 ndani, buti limejaa, kona baada ya kona: diski haipati nafasi ya kupoa. Kwanza utasikia harufu kali ya kuungua. Kisha pedi zinaanza kuteleza. Pedali ni ngumu, unakandamiza, gari halishikiki. Mafuta ya breki nayo yakichemka, mambo yanageuka: pedali inazama kama umekanyaga sifongo, kwa kuwa mvuke hubanika na mafuta hayabaniki.

Mtu anayepita njia ya namna hiyo kila wiki, anayevuta tela, au aliyeongeza nguvu za injini, ana haki ya kutaka diski kubwa na nene. Chuma kingi hubeba joto jingi kabla ya kuzidiwa. Ni kweli gia nzito hupunguza kazi ya breki mteremkoni, lakini kuna mizigo ambayo gia peke yake haiimudu.

Hata yeye ningemwambia aanzie kwenye chupa ya mafuta ya breki. Mafuta haya yana madaraja: DOT 3 mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 chini ya 230. Tatizo ni kwamba mafuta haya hunyonya unyevu. Maji yakifika asilimia 3.7, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Kwa hiyo DOT 4 yaliyochoka yanaweza kuchemka mapema kuliko DOT 3 yaliyomiminwa leo. Kuyabadilisha na kutoa upepo ulionaswa kwenye mirija ya breki ni kazi ya muda mfupi, tena hakuna wa kukusifia, na nadhani ndiyo sababu watu huiruka.

Jamaa yangu mmoja alikuwa ameshachagua kalipa nyekundu, akilalamika gari linavuta upande likishikwa breki. Tukavua gurudumu la mbele. Pedi ya nje ilikuwa na nyama zaidi ya nusu. Ya ndani ilikuwa imeisha mpaka bati, na diski imechimbika mistari upande huo tu. Pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake zilikuwa zimeganda kwa kutu, zikatoka kwa nyundo. Tulisafisha, tukapaka grisi ya breki, tukafunga diski na pedi mpya pande zote mbili, tukatoa upepo. Gari likaacha kuvuta. Alichokiita udhaifu wa breki kilikuwa pini hizo mbili zenye kutu.

Kuna na hatari ya kuharibu kilichokuwa kizuri. Waliounda gari waligawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma kwa vipimo. Ukikuza za mbele peke yake, matairi ya mbele yanafika ukingoni mwa mshiko wake mapema huku ya nyuma yakifanya kazi nusu, na umbali wa kusimama unaweza hata kurefuka. Pistoni zikiwa kubwa zinadai mafuta mengi zaidi kutoka masta silinda ile ile (pampu inayosukumwa na pedali), hivyo pedali inashuka chini kuliko ulivyozoea. Pedi za mashindano ndizo huniogopesha zaidi: zinataka joto ndipo zishike. Asubuhi ya baridi, kwenye makutano ya kwanza, bado hazijaamka. Diski za matundu siziongelei sana. Barabarani faida yake ni ndogo, na nyufa hupenda kuanzia kwenye tundu.

Anayehitaji kweli nguvu ya ziada ana njia ya katikati ambayo haisemwi sana. Magari mengi huuzwa kwa matoleo kadhaa, na lile lenye injini kubwa hutoka kiwandani na diski na kalipa kubwa zaidi. Mara nyingi vifaa hivyo huingia kwenye toleo dogo bila kuchonga kitu, na mgawanyo wake ulishapimwa kwa gari la umbo lile lile. Angalia masta silinda ya toleo lile ina kipenyo gani, za nyuma zinatofautiana vipi, na kama rimu zako zitaipisha kalipa. Kama haipiti, ongeza rimu na matairi kwenye bajeti.