Kuvuta Uzi Kwenye Gitaa la Besi

Vijana wengi wanaoshika gitaa la besi siku hizi wametokea kwenye gitaa la solo, au wamekua wakitazama video za wapigaji wa solo, na huja na mazoea ya huko. Mojawapo ya mazoea hayo ni kuvuta uzi, yaani kuipiga noti kisha kuusukuma uzi kando juu ya freti, vile vijiti vya chuma vinavyoigawa shingo ya gitaa, mpaka sauti ipande nusu toni (hatua ya freti moja) au toni nzima (freti mbili). Ninaamini kwamba mbinu hii ina nafasi halali kwenye besi, lakini nafasi hiyo ni finyu kuliko wengi wanavyodhani, na kinachoifinya ni kazi ambayo besi imepewa katika muziki, zaidi ya ugumu wa nyuzi zake.

Ugumu huo nitaueleza kwa ufupi, kwa sababu ndio hutajwa kwanza katika kila ubishi wa jambo hili. Fender Precision Bass, iliyoingia sokoni mwaka 1951 na kuwa kipimo cha besi nyingi zilizofuata, ina nyuzi zinazotetema kwa urefu wa inchi 34, ilhali gitaa la Stratocaster lina inchi 25.5. Uzi wa G, ambao ni mwembamba kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, kwa kawaida una unene wa inchi 0.045, na mkazo wake ni zaidi ya mara mbili ya mkazo wa uzi wa kwanza wa gitaa la umeme. Ili sauti ipande nusu toni, mkazo hauna budi kuongezeka kwa karibu asilimia 12. Kwa toni nzima, karibu asilimia 26. Kidole cha mpiga besi hubeba nyongeza hiyo juu ya mkazo ambao tayari ni mkubwa, na kwa kuwa uzi wenyewe ni mrefu, hulazimika kuusogeza mbali zaidi.

Hata hivyo, mkono unaweza. Jack Bruce wa kundi la roki la Cream alivuta nyuzi kwa uhuru mkubwa kwenye Gibson EB-3, besi fupi ya inchi 30.5. Geezer Butler wa Black Sabbath, aliyekuwa mpiga gitaa kabla ya kuhamia kwenye besi, aliifanya mbinu hii kuwa sehemu ya sauti yake, na kuanzia mwaka 1971 kundi lake lilishusha nyuzi kwa toni moja na nusu katika baadhi ya nyimbo, jambo lililozilegeza. Wanaotetea kuvuta uzi huwataja wapigaji hawa wawili, na wana haki ya kuwataja. Lakini ni vyema kuangalia walikuwa wakipiga pamoja na nani. Kila kundi kati ya hayo mawili lilikuwa na gitaa moja, besi na ngoma, na mara nyingi hapakuwa na kinanda kilichoshikilia noti ya chini wakati besi ikipanda. Besi ilikuwa na uwanja mpana, nayo ikaimba kama sauti ya pili.

Sasa tuilete mbinu hiyo hiyo katika kwaya ya kanisani, ambako sehemu kubwa ya wapiga besi wa kwetu hujifunzia. Hapo kuna mpiga kinanda ambaye mkono wake wa kushoto, tupende tusipende, nao unapiga besi, na kuna waimbaji wa sauti nne wanaoutafuta ufunguo kwa masikio. Uzi wa E ukiwa wazi hutetema mara 41.2 kwa sekunde. F inayoufuata ni 43.7. Nafasi yote ya nusu toni huko chini ni hezi 2.5 tu, yaani mitetemo 2.5 kwa sekunde. Mpigaji akiivuta F hiyo ikafika 44.5 wakati kinanda kimeshikilia 43.7, hakuna msikilizaji atakayesema amesikia hisia. Atasikia sauti inayovimba na kunywea polepole, kwa sababu mawimbi ya noti hizo mbili yanapishana, na katika sauti za juu zinazoandamana na noti hiyo, ambazo ndizo spika ndogo huzitoa vizuri zaidi, kupishana huko huenda kasi zaidi. Waimbaji nao hawana njia ya kujua kwamba besi imepanda kwa makusudi. Wataifuata, au watagawanyika, nusu wakiifuata besi na nusu wakibaki na kinanda. Besi ni sakafu ya wimbo, na anayeisogeza huwasogeza wote waliosimama juu yake.

Katika rumba na sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala na watu hucheza, sababu ni nyingine. Magitaa ya Kikongo, na ya Afrika Mashariki yaliyolelewa nayo, kwa sehemu kubwa hayavuti nyuzi. Urembo wake hutokana na vipande vifupi vinavyorudiwa na kugeuzwa kidogo kidogo, na noti zinazopigwa mbili mbili. Ukimsikiliza Decca Mpudi akipiga besi katika TPOK Jazz ya Franco, utaona kwamba uzito wa upigaji wake umo katika mahali noti inapotua na katika kimya anachokiacha baada yake. Noti hutua palepale ilipokusudiwa. Kuvuta uzi katika muziki huo ni kuingiza lafudhi ya lugha nyingine, na sikio la mchezaji dansi hulitambua hilo haraka kuliko la mpigaji.

Nafasi halali, basi, iko wapi? Kwanza iko katika bluzi na katika muziki wote uliotokana nayo, na hapo ninaitetea mbinu hii bila kusitasita. Katika ufunguo wa A, freti ya 5 ya uzi wa G inatoa C na freti ya 6 inatoa C♯. Mwimbaji wa bluzi hakai kwenye yoyote kati ya hizo. Sauti yake huishi katikati, ikiegemea huku au kule kulingana na neno analoliimba. Kuteleza kidole hakuwezi kukufikisha hapo, kwa kuwa kidole kinachoteleza juu ya freti huruka kutoka C hadi C♯ bila kituo. Kuivuta C kidogo, robo toni au pungufu, kisha kuishukia A, ndiyo njia ya kuipata sauti hiyo kwenye besi yenye freti. Robo toni tu inatosha, nayo haihitaji nguvu nyingi.

Hoja hiyo hiyo inagusa taarabu ya asili ya Zanzibar. Udi na fidla havina freti, kwa hiyo maqam (mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu) kama Rast, ambayo sauti yake ya tatu iko kati ya ile ya meja na ile ya maina, hukaa juu yake bila taabu. Anayesindikiza ala hizo kwa gitaa la besi na akalazimika kuigusa sauti ya tatu ana wajibu wa kuivuta ilingane na fidla. Mara nyingi, hata hivyo, ni busara zaidi kubaki kwenye sauti ya kwanza na ya tano, akaiachia fidla hiyo ya tatu.

Mengine mengi ambayo watu huyatafuta kwa kuvuta uzi hupatikana kwa njia nyepesi. Anayetaka noti ipande taratibu kwa toni nzima au zaidi, ateleze. Anayetaka noti ndefu iwe na uhai, aitikise kidogo kwa kidole. Anayeona kwamba muziki wake wote unadai sauti zilizo kati ya freti, atafute besi isiyo na freti, aina ambayo Jaco Pastorius alionyesha uwezo wake wote katika miaka ya 1970.

Kwa anayetaka kujifunza kuvuta vizuri, aanzie freti ya 12 ya uzi wa G, kwa kuwa katikati ya uzi ndipo unapolegea zaidi. Apige kwanza freti ya 13 na kuisikiliza, kisha arudi ya 12 na kuivuta mpaka sauti hizo mbili zifanane. Kidole cha tatu kishike noti, cha kwanza na cha pili vikisaidia nyuma yake, na nguvu itoke kwenye mzunguko wa kifundo cha mkono. Uzi usukumwe kuelekea ule wa D, huku mkono wa kulia ukizizuia nyuzi nyingine zisilie. Kifundo kikianza kuuma, aache siku hiyo. Akishaizoea, ajirekodi pamoja na mwimbaji mmoja na kinanda, kisha asikilize mwimbaji alifanya nini besi ilipopanda. Kama sauti yake iliyumba kuifuata, noti hiyo ipigwe bila kuvutwa.