Kwa Nini Mtoto wa California Hana Nchi?

"Waandishi waeleze kwa nini utafiti huu ulifanyika Tanzania." Yeyote anayefanya saikolojia ya makuzi au ya elimu huku kwetu, na akawahi kutuma makala kwenye jarida kubwa, anaijua sentensi hiyo ya wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa. Huja kwa sura nyingi: matokeo yana maana gani nje ya Kenya, kichwa kionyeshe kuwa sampuli ni ya Uganda, waandishi wafikirie jarida la kikanda. Na huja kwa adabu, baada ya "nimefurahi kusoma kazi hii". Jibu la kweli, ambalo hakuna anayethubutu kuliandika, ni fupi mno: ulifanyika Tanzania kwa sababu watoto wapo Tanzania.

Sasa chukua toleo lolote la majarida hayohayo usome vichwa. Kumbukumbu tendaji na hesabu kwa watoto wa miaka sita. Watoto wa wapi? Kichwa kimya. Ikisiri kimya. Shuka hadi kwenye Mbinu, aya ya pili, ndipo utakapokuta kwamba ni watoto wa mji mmoja wenye chuo kikuu huko Ohio, Marekani, wengi wao wana wazazi wenye shahada. Hakuna mhakiki aliyeuliza kwa nini Ohio. Mtoto wa Morogoro ni mtoto wa Morogoro. Mtoto wa Ohio ni mtoto, basi.

Wenye kusema tunalalamika tu wasome Cheon na wenzake, 2020: makala zenye sampuli za Marekani hazitaji nchi kwenye kichwa mara nyingi kama zinavyofanya makala za sampuli za kwingineko. Wasome na Arnett, 2008, aliyepitia majarida ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani ya miaka 2003 hadi 2007, yakiwemo ya makuzi na ya elimu: asilimia 68 ya washiriki walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Nielsen na wenzake, 2017, wakaingia kwenye majarida matatu makubwa ya makuzi peke yake. Amerika ya Kati na Kusini, Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, zote kwa pamoja, hazikufikisha asilimia 3 ya washiriki. Watoto wengi wa dunia hii wanaishi humo kwenye hiyo asilimia 3.

Mfano unaoniudhi kuliko yote uko hapo jirani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akawafuatilia watoto wachanga 28 wa familia 26 vijijini karibu na Kampala, nyumba kwa nyumba, akiangalia nani analia mama akitoka, nani anamtumia mama kama kituo cha kuanzia na kurudia anapotambaa kuchunguza mambo. Sehemu kubwa ya nadharia ya mfungamano kati ya mama na mtoto ilianza kuonekana pale. Kitabu kilipotoka mwaka 1967 kiliitwa Infancy in Uganda. Vizuri, nchi imetajwa. Halafu akafanya kazi ya namna hiyohiyo Baltimore, na ya kwanza kufuatiliwa nyumbani zilikuwa tena familia 26. Kitabu cha mwaka 1978 kilichotokana na kazi hiyo kinaitwa Patterns of Attachment. Baltimore imekwenda wapi? Familia 26 za Uganda ni Uganda. Familia 26 za Baltimore, na watoto wengine wa Marekani walioongezwa baadaye, ni binadamu wote. Wanafunzi wa ualimu wanakaririshwa aina tatu za mfungamano kwa mtihani mpaka leo, Makerere ikiwa pua na mdomo na vijiji vile, na wengi hawaambiwi kazi ilianzia wapi.

Nenda kwenye jaribio la peremende, lile la mtoto kuachwa na peremende moja akiahidiwa ya pili akisubiri. Mwanasaikolojia Walter Mischel alianza kuuliza watoto kuhusu kusubiri zawadi huko Trinidad, na makala yake ya mwaka 1958 ilijitambulisha kwenye kichwa kuwa ni uchunguzi wa jambo la kitamaduni. Alipohamia shule ya chekechea ya Bing, ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford huko California, watoto wakiwa wa walimu na wanafunzi wa chuo hicho, utamaduni uliyeyuka. Makala ya mwaka 1972 inazungumzia akili na umakini, mahali hapatajwi kichwani. Makala ya mwaka 1990, iliyowafuatilia watoto hao hadi ujana na kuwafanya wazazi duniani kote waanze kuwatesa watoto wao kwa biskuti, ilikuwa na uhusiano maarufu kati ya muda wa kusubiri na alama za mtihani wa kuingia chuo uliotokana na watoto 35. Thelathini na watano! Tuma wewe sampuli ya watoto 35 wa Singida uone utakavyojibiwa.

Ilichukua hadi 2018 kwa Watts, Duncan na Quan kurudia na watoto 918 wa hali mbalimbali ndani ya Marekani yenyewe. Uhusiano ukawa nusu ya ule wa awali, na walipozingatia familia na uwezo wa mtoto tangu awali ukapungua kwa theluthi mbili. Mwaka huohuo Lamm na wenzake walichapisha kazi iliyowalinganisha watoto wa Wanso wa Kameruni na wa Ujerumani, wenye miaka minne. Wanso wakipewa puff-puff, ambayo ni ndugu ya kaimati, karibu asilimia 70 walisubiri. Wajerumani asilimia 28. Kama kusubiri ndiyo dalili ya mafanikio ya maisha, basi tunadai pesa nyingi.

Madhara ya mtindo huu hayaishii kwenye heshima. Mhariri anayepokea mamia ya makala husoma kichwa, ikisiri na barua ya utangulizi, akaamua ipelekwe kwa wahakiki au irudishwe. Kahalon na wenzake, 2021, walionyesha kwa majaribio kwamba kutaja tu nchi ya sampuli kwenye kichwa kunapotosha namna kazi inavyopimwa. Makala ikirudishwa hapo, hakuna aliyefika kwenye jedwali lako la kwanza.

Halafu kuna ushauri mwingine wa wahakiki ambao husikika kama msaada: "sampuli ya kulinganisha kutoka Marekani au Ulaya ingeimarisha kazi." Pesa za nani, sijui. Lakini tuseme zipo. Ili ulinganishe wastani wa makundi mawili unahitaji kipimo kiwe sawa kwa ngazi tatu: muundo wa vipengele, yaani maswali ya kipimo, uwe uleule, uzito wa kila kipengele uwe uleule, na kiwango cha kuanzia cha kila kipengele kiwe kilekile. Ngazi ya tatu mara nyingi huanguka. Ikianguka, huna haki ya kusema kundi hili limezidi lile, na mhakiki yuleyule aliyekutuma Marekani ndiye atakayekuambia hivyo kwenye raundi ya pili. Robert Serpell alilionyesha hili mapema kwa njia ya wazi kuliko takwimu. Mwaka 1979 aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, ule wanaotengenezea magari ya kuchezea, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa mfinyanzi, walikuwa sawa. Ukichagua kifaa umeshachagua mshindi, na majarida yetu makubwa karibu siku zote huchagua kalamu na karatasi.

Haya, tuseme na la upande wetu, ingawa sipendi kuwapa wahakiki hoja. Kazi zetu nyingi zinarudishwa kwa sababu zinastahili kurudishwa. Ugonjwa mkuu una namba: 385, au ndugu yake 384. Mwanafunzi anachukua fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, anaweka wanafunzi 10,000 wa wilaya na kosa la 0.05, anapata 385 (ile 384 hutoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, idadi ya watu ikiwa kubwa zaidi), msimamizi anatia saini. Fomula ile inakadiria uwiano katika sampuli nasibu rahisi. Haijui kuwa unalinganisha makundi, na haijui kuwa watoto wa darasa moja wanafanana kwa sababu wana mwalimu mmoja. Ukienda shule 10 ukachukua watoto 38 au 39 kila shule, na kufanana kwa ndani ya shule kukawa 0.2 tu, athari ya mpangilio, yaani mara ngapi kufanana huko kunapunguza taarifa, ni karibu 8.5. Gawanya: watoto wako 385 wana taarifa ya watoto 45 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Nenda shule 40, watoto 10 kila moja, na utakuwa na taarifa ya watoto 143 kwa karibu idadi ileile ya madodoso. Nauli itaongezeka, ndiyo. Lakini mhakiki akisema uchambuzi haukuzingatia ngazi ya shule, hapo hakuonei.

Na madodoso yenyewe. "Tulitafsiri kwa Kiswahili na wataalamu wakathibitisha uhalali" si Mbinu, ni salamu. Watafsiri wawili kila mmoja peke yake, kikao cha kupatanisha, mtu wa tatu asiyejua nakala ya awali arudishe kwenye lugha ya mwanzo, kisha watoto wanane hadi kumi wasome kila kipengele na waeleze kwa maneno yao wameelewa nini, kabla ya majaribio ya awali. Hatua hiyo ya watoto ndiyo inayorukwa na ndiyo inayookoa. Pale utagundua, kwa mfano, kwamba kipengele cha kukanusha kama "Siogopi mtihani wa hesabu" kinajibiwa "ndiyo" na mtoto anayemaanisha ndiyo, siogopi, na "hapana" na jirani yake anayemaanisha hapana, siogopi. Wote hawaogopi. Ukigeuza alama kama mwongozo unavyotaka, alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama vipengele vinakwenda pamoja, inaporomoka, nawe unaandika kuwa kipimo hakifai Afrika. Kipimo kinafaa, toa kanusho, au mtake mtoto ajibu kwa sentensi kamili.

Umri nao uandikwe kwa miezi kutoka kadi ya kliniki, usikisiwe kwa darasa, kwa sababu darasa la kwanza la kijijini linaweza kuwa na wa miaka sita na wa tisa kwenye dawati moja. Weka namba ya kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au leseni ya NACOSTI (Kenya) palepale kwenye Mbinu.

Ada za uchapishaji ni wizi uliovaa tai, lakini msamaha kwa nchi zetu upo kwenye majarida mengi. Uombe siku ya kutuma, kwa sababu mengi hayapokei ombi makala ikishakubaliwa. Majarida uchwara yanayokubali kwa siku tatu, tuyaache. Kamati za kupandisha vyeo zinazohesabu makala bila kuzisoma ndizo zinazoyalisha.

Wapo wanaoshauri tufanye kama Ohio: tuifiche nchi hadi aya ya pili ya Mbinu. Sikubali. Utakamatwa na mhakiki wa kwanza, na isitoshe utakuwa umeiga ubaya uleule. Taja nchi, lakini panga kichwa kianze na jambo ulilolipima, mahali pafuate. Kwenye utangulizi usiombe radhi kwa kuwa Mtanzania. Eleza ni kitu gani katika malezi au shule za hapo kinaijaribu nadharia mahali ambapo Ohio haiwezi kuijaribu. Charles Super alifanya hivyo Kenya mwaka 1976: watoto wa Kipsigis walikaa na kutembea mapema kwa sababu wazazi waliwafundisha makusudi, lakini hawakutambaa mapema, jambo ambalo halifundishwi sana. Ghafla ratiba ya makuzi ya mwili, iliyodhaniwa ni ya damu, ikawa na mwalimu.

Kwa upande wa wahariri, dawa imeshaandikwa. Mwaka 2017 Simons, Shoda na Lindsay walipendekeza kila makala, ya nchi yoyote, iwe na tamko la mipaka: matokeo haya tunatarajia yatokee kwa watu gani, kwa vifaa gani, na kwa nini. Shoda huyo ni yuleyule aliyeandika na Mischel makala ya 1990 ya peremende za Stanford, kwa hiyo hakuna wa kusema ni maneno ya wivu. SRCD, chama cha watafiti wa makuzi ya mtoto, wenye jarida la Child Development, nao wanawataka waandishi waeleze sampuli zao kijamii. Yaliyobaki ni kulitumia sharti hilo kwa Ohio kwa ukali uleule wa Morogoro.

Hadi hapo, ukiambiwa uongeze nchi kwenye kichwa, ongeza. Kisha kwenye barua ya majibu, chini ya hoja hiyo, andika sentensi mbili na usizidishe: "Tumeongeza nchi kama ilivyoshauriwa. Tunamwomba mhariri atujulishe kama sharti hili linatumika pia kwa makala za jarida hili zenye sampuli za Marekani, na kama sivyo, sababu yake." Mhakiki halazimiki kujibu, mhariri atalazimika kuisoma kabla ya kubonyeza kitufe cha uamuzi, na itabaki kwenye faili la makala yako hata wakiikataa.