Swali lililofika kortini silo lililotoka mtaani

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alitia sahihi amri ya kupiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha, katika kaunti ya Mombasa: usiingizwe, usisafirishwe, usiuzwe, usitafunwe. Kilifi ikafuata, na Taita Taveta. Barazani kwetu, wazee ambao hawajaafikiana juu ya jambo lolote tangu uchaguzi waliitikia kwa neno moja: afadhali. Afadhali yenyewe haikumaliza wiki mbili. Viongozi wa Embu, kaunti inakolimwa muguka, walikwenda kwa Rais William Ruto, naye akatangaza kwamba amri ya gavana haina nguvu, kwa sababu muguka ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao na kanuni za miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaisimamisha.

Waliokasirika walisema korti imewauza watoto wa Pwani. Waliofurahi walisema korti imemwokoa mkulima. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zikigombania jibu la swali ambalo korti haikuulizwa. Haikuulizwa kama muguka unaharibu vijana. Iliulizwa nani ana mamlaka ya kuukataza, na kwa njia gani. Ni swali halali kabisa, lakini silo lililotoka mitaani, Kisauni wala Likoni. Mahali fulani, kati ya mama anayelia mlangoni kwake na wakili anayechapa ombi la dharura, swali lilibadilika sura. Na si mara ya kwanza kwa Mombasa kupata jibu zuri la swali jingine.

Tuanze na lile la mtaani. Muguka na miraa ni mmea mmoja. Tofauti ni kwamba miraa ya Meru huuzwa kwa vijiti, na muguka, unaotoka Mbeere upande wa Embu, ni majani machanga yaliyochumwa tayari kutiwa mdomoni, tena kwa bei ambayo hata asiye na kazi haimshindi. Ndani yake mna kathinoni, kichangamshi kinachompa mtu handasi, yaani ule msisimko wake, na kathinoni haina subira: baada ya kama siku mbili tangu jani kuchumwa, nguvu yake imeshapungua sana. Ndiyo sababu magari ya muguka hukimbia usiku kucha utadhani yamebeba mgonjwa. Simu ikamalizia kazi iliyobaki. Mzigo ukiwa bado Voi, muuzaji wa Mtopanga ameshajua utaingia saa ngapi, wateja wameshatumiwa ujumbe, na pesa imeshapita kwa M-Pesa. Amri iliyoandikwa kwa karatasi ilikuwa inashindana na mtambo huo, na sikumsikia mtu akilizungumza hilo.

Kila mtaa una kisa chake. Kijana aliyekuwa anawahi soko la Kongowea alfajiri kupakua mizigo, leo usiku halali na mchana hafai. Njugu, Big G na soda ndicho chakula chake cha siku. Lakini tusifanye kana kwamba maskani yote, vijiwe vya watafunaji, ni ya namna hiyo. Yuko dereva wa trela anayechana, yaani anayetafuna, ili afike Malaba mpakani bila kusinzia, na yuko bawabu wa usiku anayechana na bado asubuhi analipa karo. Ukiwaweka wote kwenye chungu kimoja, umeshapoteza nusu ya hoja kabla hujafika kortini.

Huko kortini, kila upande una maandishi mkononi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya. Serikali kuu nayo ina sheria inayoiweka miraa pamoja na mazao mengine ya shambani. Basi muguka ni dawa au ni zao? Aliyeanza kuupa jina ndiye aliyeshinda, na wa Embu walikuwa wameshalipata jina lao sheriani kabla Mombasa haijaamka.

Mtetezi wa korti ana hoja ambayo sisi wa Pwani hatupendi kuisikia. Mbeere ni nchi kame. Muguka unastahimili pale mahindi yanapokauka, na ndio unaosomesha watoto. Mtu wa Mombasa akisema "si wapande kitu kingine", aulizwe: kipi, na nani atakinunua? Isitoshe, amri yenyewe ilikuja kwa sahihi moja. Haikupitia bunge la kaunti, haikumpa mwenye kibanda muda wa kumaliza mali yake, na wenye vibanda wengi ni wakazi wa hapa hapa. Gavana akiweza kufunga biashara halali kwa karatasi moja leo kwa jambo tunalolipenda, kesho atafunga nyingine kwa jambo tusilolipenda.

Ukitaka kujua kama hoja hiyo ina uzito, kumbuka shehena. Mwaka 2019 ilitoka amri kwamba mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli ya SGR, ikatolewe ushuru kwenye bandari kavu ya Nairobi. Nayo ilikuwa karatasi tu. Changamwe, Miritini na Mikindani zilinyauka: wenye malori, mawakala wa forodha, mafundi wa magurudumu, mama lishe wa kando ya barabara. Watu waliandamana kila Jumatatu. Kisha wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Novemba 2020 majaji wakasema amri ile ilikiuka Katiba, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Siku ile tuliipigia makofi hoja ya utaratibu. Hoja hiyo hiyo ilipotumiwa na mkulima wa Mbeere, tukaiita ujanja wa mawakili. Hatuwezi kuwa na panga linalokata upande wa jirani peke yake.

Ila kisa cha shehena kina mkia, na mkia huo unawasaidia wanaoidharau korti. Tulishinda kesi, malori hayakurudi kwa wingi wake. Kilichobadilisha mambo ni kura. Ruto aliahidi kwenye kampeni, na siku ya kuapishwa kwake, 13 Septemba 2022, akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi bandari ya Mombasa. Karibu miaka miwili imepita kati ya hukumu na tangazo. Fundi wa Miritini aliyefunga gereji yake 2020 ana haki ya kuuliza hukumu ilimfaa nini. Jibu langu, ambalo najua halimjazi mtu tumbo, ni kwamba bila hukumu ahadi ya kampeni ingekuwa hisani ya mgombea. Hukumu iliifanya kuwa deni. Tena kilichotolewa kwa tangazo kinaweza kuondolewa kwa tangazo, na hapo tutaihitaji tena ile hukumu tuliyosema haikutufaa.

Hadi hapa nimeiweka teknolojia kando ya njia, kwenye simu ya muuza muguka. Owino Uhuru ndipo ilipoingia katikati.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda, upande wa Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ukutani mwa nyumba za watu. Risasi iliyotoka humo, namaanisha madini na si ya bunduki, iliingia hewani, udongoni na majini. Risasi haina harufu ya kumwamsha mtu. Mtoto anadumaa akili, mama mjamzito anapoteza mimba, na jirani anasema ni mapenzi ya Mungu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa kiwandani humo. Mwanawe akaugua, kikatafutwa kila kitu, hadi kipimo cha damu kikaonyesha risasi. Hapo ndipo uvumi ulipogeuka ushahidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo karatasi moja ya maabara ilikuwa na uzito kuliko mikutano kumi ya chifu.

Tazama tofauti na muguka. Kwenye kesi ya Owino Uhuru, swali la mtaani, "watoto wetu wana nini?", lilifika kortini likiwa bado lenyewe, kwa sababu lilikuwa na namba. Kiwanda kilifungwa 2014. Omido alipata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na kesi ikafunguliwa mwaka uliofuata. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na milioni 700 nyingine zitumike kusafisha mahali pale. Fungu kubwa zaidi la lawama lilibebeshwa NEMA, mamlaka ya mazingira iliyopaswa kulinda, kuliko hata kiwanda chenyewe. Naipenda sana sehemu hiyo ya hukumu. Mchafuzi huwa tunamjua. Anayelala kazini ndiye huwa hatajwi.

Na hapo hapo ndipo kipimo cha damu kilipofika mwisho wa uwezo wake. Juni 2023 Mahakama ya Rufani ikaitangua fidia, na mjadala ukahamia kwenye namna hasara za wakazi zinavyopaswa kukadiriwa. Mtaa ukasubiri tena. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile bilioni 1.3. Tangu kiwanda kifunguliwe hadi hukumu ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa moshi wa kwanza alikuwa anakaribia kupata kitambulisho.

Mtu atasema miaka 17 inatosha kuonyesha kwamba korti si mahali pa kupeleka shida za umma, afadhali gavana mwenye haraka. Naelewa hasira hiyo, ila wanasiasa nao walikuwapo miaka yote ile. Kiwanda kilipata vibali, moshi ulionekana, mitaa ilitembelewa wakati wa kura. Haraka ya mwanasiasa huja palipo na kamera na kura za kutosha. Owino Uhuru ilikuwa na watu kama 3,000. Hesabu yake ya kura ilikuwa ndogo, na hakimu ndiye peke yake asiyeihesabu.

Kuhusu mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao, uliosambazwa korti zote nchini 2024, nina neno fupi tu. Umepunguza safari na umepunguza hadithi za faili lililopotea ambalo huonekana likishapewa "chai". Ila mwenye shauri lake anayetoka Jomvu bila kompyuta bado anaingia saiba, duka la kompyuta za kulipia, na kijana wa saiba ndiye anayemwambia aandike nini na abonyeze wapi. Swali la mtaani limepata mkalimani mwingine tena.

Basi muguka ungepelekwaje ili swali lifike lilivyo? Wapo wanaosema pimeni kama ilivyopimwa risasi: vituo vya afya vya kaunti viandike wangapi wanaletwa wamechanganyikiwa, umri wao, wanatafuna nini, kwa muda gani. Mimi ni mmoja wao, lakini nina shaka ninayopaswa kuitaja. Uingereza ilipima. Januari 2013 baraza lake la washauri wa dawa za kulevya liliipendekezea serikali isipige miraa marufuku, kwa kuwa madhara hayakutosha. Serikali ikasikiliza, ikashukuru, na Juni 2014 ikaipiga marufuku hata hivyo. Namba haimlazimishi mwanasiasa. Inachofanya ni kumnyima nafasi ya kusema hakujua.

Mfano mwingine uko karibu. Mtumiaji wa heroini Pwani hii ana methadone, dawa anayomezeshwa na mhudumu mbele ya macho, siku baada ya siku, na jina lake liko kwenye daftari. Mtafunaji wa muguka hana dawa ya kumbadilishia, na hana daftari. Kwa hiyo hata marufuku ingesimama, siku ya pili yake kijana wa maskani angeamkia wapi? Amri ya Mei haikuwa na jibu. Korti haikuwa na sababu ya kuliuliza. Rais alizungumzia zao.

Kama ningekuwa na kiti katika bunge la kaunti, ningeacha neno marufuku na kuandika mswada mdogo wenye meno: asiyetimiza miaka 18 asiuziwe, kibanda kisikae jirani na shule wala madrasa, saa za kuuza zijulikane, na ada ya magari yanayoingia iende moja kwa moja kwenye vituo vya kurekebisha tabia badala ya kupotelea kwenye mfuko mkuu. Maoni ya wananchi yakusanywe Likoni na Kisauni, na wakulima wa Mbeere waalikwe waje wakae na akina mama uso kwa uso. Mswada wa namna hiyo ungekuwa mgumu zaidi kuuangusha Embu kwa hoja kwamba watu hawakuulizwa.

Nilimweleza jirani yangu hayo, mama ambaye mwanawe wa pili sasa hafuati tena masomo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaniuliza mswada kama huo huchukua muda gani kupita.

Nikamwambia mwaka, pengine na zaidi.

"Na huyu wangu," akasema, "nimwambie akusubirini?"