Chozi wa Mombasa: chupa ya sukari au maua?

Wapenda ndege wa Mombasa wamegawanyika: wako wanaomtundikia chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, chupa ya maji ya sukari, na wako wanaosema apandiwe maua basi. Wa chupa wana hoja. Anayekaa ghorofani mtaa wa Kizingo hana pa kuotesha mgomba, na maji yenyewe yakichanganywa sawasawa hayatofautiani sana na mbochi, yale maji matamu ya ndani ya ua: kikombe 1 cha sukari kwa vikombe 4 vya maji yaliyochemshwa, yakapoa. Sukari iwe nyeupe, si ile ya kahawia iliyojaa madukani kwetu. Asali usitie, huleta kuvu. Rangi nyekundu haina kazi.

Kinachoharibu mambo ni joto. Mchana wa nyuzi 32 maji hayo huchacha upesi, kwa hiyo hubadilishwa kila asubuhi, na chupa ikasuguliwa kwa brashi na maji ya moto, hasa kitundu cha kunywea ambamo kuvu nyeusi hujificha. Wangapi watalifanya hilo mwezi mzima? Tena chupa nyingi zimeundiwa ndege wavumaji wa Marekani, wanaokunywa wakielea hewani. Chozi hupenda kutua, basi mfungie kijiti chini ya kitundu. Sisimizi wazuie kwa kikombe cha maji juu ya chupa. Usiwazuie kwa grisi, maana ikigusa manyoya humdhuru ndege.

Halafu sukari haina protini. Makinda hulishwa wadudu na buibui, na kiota chenyewe hushikiliwa na utando wa buibui. Kupuliza dawa bustani nzima kisha ukatundika chupa ni kumkaribisha mgeni chai bila kitafunio.

Wa maua nao wasijisifu mno. Tazama kitako cha ua la haibiskasi: mara nyingi utaona tundu, chozi ametoboa akanyonya mbochi bila kugusa chavua. Mgomba ni bora, kwa kuwa mkungu hufunua maua yake kidogo kidogo kwa siku nyingi. Na mshubiri hukubali chungu cha udongo wa kichanga, hata roshanini, jambo linaloipunguza nguvu ile hoja ya ghorofa.

Kwangu mimi chupa ni ya msimu maua yanapoadimika, na ya mtu asiyechoka kuosha. Ukisafiri, ishushe, chozi atakwenda mgombani kwa jirani.