Usinunue Kore, Nunua Kache

Kila simuleta mpya ya ndege ikitoka, swali huwa lile lile: ninunue prosesa gani? Na jibu nalo halibadiliki: kubwa kuliko zote ambayo mfuko wako utaimudu. Mimi nililifuata. Nilichukua prosesa yenye kore 16, yaani vitengo 16 vya kufanya kazi ndani ya chipu moja, nikaifunga, nikaielekeza ndege yangu ya abiria kwenye uwanja wa Heathrow, London, jioni yenye mawingu, nikakaa mkao wa kula. Juu ya bahari mambo yalikuwa laini. Nilipofika futi 1,500 kutoka ardhini, picha ikaanza kukwama-kwama kama ilivyokuwa ikifanya kwenye mashine ya zamani. Nikatazama matumizi ya prosesa: asilimia 20 na kidogo. Mashine imejilalia, mimi natokwa jasho.

Ile asilimia ndiyo inayotudanganya wengi, kwa sababu ni wastani. Kore moja kati ya 16 ikifanya kazi mpaka ishindwe kupumua, kwenye wastani huonekana kama asilimia 6 tu. Na simuleta ya ndege huishi au hufa kwa ile kore moja. Mwendo wa ndege, mifumo ya chumba cha rubani, ndege nyingine zilizoko angani, kuiandalia kadi ya michoro orodha ya vitu vya kuchora: sehemu kubwa ya hayo hupita kwenye uzi mmoja mkuu, yaani mfululizo mmoja wa kazi unaobebwa na kore moja, kwa foleni.

Chukua fundi cherehani mwenye wasaidizi 15. Wapo wa kukata vitambaa, wa kupiga pasi, wa kushikiza vifungo. Lakini koti lenyewe linapita kwenye cherehani moja, na mkono hauungwi kabla bega halijakaa. Ukimwongezea fundi huyo wasaidizi wengine wanane, umeongeza watu wa kumtazama akishona. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alilieleza jambo hili kihesabu mwaka 1967: kama nusu ya kazi haigawanyiki, hata ukileta kore elfu moja hutapata kasi mara mbili ya ile ya kore moja.

Mashabiki wa zamani wanalijua hili kwa machungu. Flight Simulator X ilitoka mwaka 2006, ikiwa imebuniwa wakati watu wengi wakiamini kwamba gigahezi, kipimo cha kasi ya kore, zitaendelea kupanda kila mwaka. Hazikupanda hivyo. Joto liliwashinda watengenezaji wa chipu, wakageukia kuongeza kore, na simuleta ile ikabaki na mzigo wake kwenye uzi mmoja huku mashine za miaka mingi baadaye zikiendelea kuhangaika nayo. Za siku hizi zina nafuu. X-Plane ilihamia Vulkan, njia mpya ya programu kuipa kadi ya michoro kazi, mwaka 2020, DCS ikaanza kugawa kazi kwenye kore nyingi mwaka 2023. Foleni imepungua, ila haijaisha.

Basi si tununue gigahezi? Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka ilipokuja prosesa ya AMD, Ryzen 7 5800X3D, mwezi Aprili 2022. Kwenye karatasi ilikuwa kichekesho. Ndugu yake, 5800X, hufika gigahezi 4.7, hii huishia 4.5. Kore ni nane zile zile. Ila AMD walibandika kumbukumbu ya ziada juu ya chipu, kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo jirani na kore) ikatoka megabaiti 32 hadi 96, na ndani ya simuleta yule wa polepole akamwacha nduguye mbali.

Rudi kwa fundi wetu. Mikono yake ni ya haraka, lakini kifungo kinachofuata kiko mezani au kiko stoo? Simuleta hurukaruka kwenye data ambayo ni vigumu kuibashiri: jengo hili, taa ile, geji hii, ndege ile inayosubiri kuruka. Kisichokuwepo kwenye kache hufuatwa kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya mashine, na safari hiyo huchukua makumi ya nanosekunde. Kwa kore ya gigahezi 5 hiyo ni mizunguko mamia ya kukaa mikono mitupu. Kasi unayoilipia inaishia kwenye kusubiri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayebisha abishe. Kama mashine ni ya kurusha ndege, chukua kore nane zenye kache kubwa. 7800X3D ya mwaka 2023 bado ni chaguo zuri sana. 9800X3D ya Novemba 2024 ni bora zaidi, kwani kache imewekwa chini ya kore badala ya juu yake, joto linatoka kirahisi, na chipu hufika gigahezi 5.2. Core i9-14900K ya Intel ina kore 24 na hugusa gigahezi 6, namba tamu kweli kuzisoma, lakini L3 yake ni megabaiti 36 na inakula umeme kwa pupa. Kore 16 zenye kache ya ziada nazo zipo. Hizo mwachie anayehariri video siku nzima na kuruka usiku. Na kama ubao mama wako ni wa AM4, soketi ya zamani ya AMD, usiung'oe haraka: 5800X3D hukaa humo humo baada ya kusasisha BIOS, programu ya ubao wenyewe, RAM yako ikibaki.

Lakini kabla ya kutoa hela yoyote, hakikisha mchawi ni prosesa. Kwenye Microsoft Flight Simulator washa hali ya wasanidi, uwashe na kihesabu fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Chenyewe kitakuandikia kama unazuiwa na MainThread, ule uzi mkuu, au na GPU, kadi ya michoro. Kipimo kingine hakihitaji chochote: nenda kwenye uwanja mzito, shusha ukubwa wa picha. Fremu zikigoma kupanda, ni prosesa. Zikipanda, tatizo ni kadi ya michoro, na prosesa mpya haitakusaidia. Jaribu pia kupunguza umbali wa kuchora ardhi na idadi ya ndege nyingine. Hivyo viwili huulemea uzi mkuu kuliko watu wanavyodhani.

Wapo wanaosema teknolojia ya kutengeneza fremu za katikati imelimaliza suala hili. Inapendeza machoni, sikatai, kwa kuwa fremu hizo hutengenezwa na kadi bila kumsumbua fundi. Ila usukani hauzijui. Ukivuta pua ya ndege sekunde ya mwisho kabla ya magurudumu kugusa, kinachokujibu ni zile fremu halisi, na fremu 35 zisizoyumba zinanitosha kuliko 60 zinazoanguka hadi 22 mbele ya njia ya kutua. Wa miwani ya VR nawaacha na yao. Wakitaka fremu 90, kila moja ina milisekunde 11 tu.

Kore zangu 16 nilimuuzia mtu wa video, naye anazisifu mpaka leo. Juzi nimerudi Heathrow, jioni yenye mawingu yale yale. Kihesabu bado kiliandika MainThread. Ila safari hii nilikisoma nikiwa tayari nimeshatua.