Kitanda Chenu Kina Urefu Gani?

Mtu akiniuliza tena kitanda chetu kina urefu gani kutoka sakafuni, nitamjibu vibaya. Nimesema.

Mimi ni mtu mzima. Nimelala kitandani maisha yangu yote na sijawahi kukihoji. Kitanda unakipanda, unakishuka, yameisha. Leo hii natembea na karatasi mfukoni yenye vipimo vya kitanda changu, imekunjwa vizuri na kukaa pamoja na kitambulisho, maana kila ninapoenda kuulizia kitanda cha mtoto, kabla hata ya salamu kuisha, swali ni hilo hilo.

Na vipimo vyenyewe havitulii. Godoro likiwa tupu, tepu inasoma sentimita 56. Mama kijacho akikaa ukingoni, 51. Nikipanda na mimi, basi tena, godoro letu lina bonde katikati ambalo mimi na mwenzangu hukutana kila usiku bila miadi, na hapo tepu inasoma inachotaka. Nikamuuliza mke wangu niandike ipi. Akasema, "Andika ile ya kweli." Haya.

Tunachotafuta ni kile kitanda kidogo kinachobanwa ubavuni mwa kitanda cha wazazi, upande mmoja unashushwa, mama ananyoosha mkono tu usiku na kumfikia mtoto bila kusimama. Madaktari wa watoto wanataka kichanga alale chumba kimoja na wazazi, angalau miezi 6 ya mwanzo, lakini juu ya godoro lake mwenyewe, si katikati yenu. Sawa. Chumba kimoja tunacho. Nacho mnakijua hata kama hamjafika: kabati likifunguka, mlango haufunguki. Kwa hiyo si kwamba tulikaa tukachagua. Chumba ndicho kilichochagua.

Habari zikaenea, washauri wakaja. Shemeji yangu akasema nisinunue, kipo cha kwao stoo, kizima kabisa, ila skrubu mbili tatu "zipo mahali". Nikaenda kukiangalia. Ni cha ile aina ya zamani ambayo ubavu mzima unateleza juu na chini, Marekani waliipiga marufuku mwaka 2011 kwa sababu ubavu ulikuwa unachomoka na watoto wananasa. Nikashukuru, nikakirudishia shuka lake. Mama mkwe naye kapiga simu: tuhakikishe godoro ni laini, mtoto azame vizuri. Sikujibu, yule ni mama mkwe. Na mzee mmoja kazini, ambaye kila mada anaimalizia kwa utoto wake, akasema wao walilazwa kifudifudi, na mito, na mablanketi mawili, na hawakufa. Nikamwambia waliokufa hawaji kazini kutusimulia. Tangu miaka ya 1990 watu walipoanza kuhimizwa kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla vya usingizini vimepungua sana. Mzee akasema, "Sawa, lakini sisi hatukufa."

Basi tukaenda dukani.

Tumbo la mke wangu likatangulia kuingia, sisi tukafuata. Kijana wa mauzo akaliona, akatupokea kwa mikono miwili. "Karibu mama kijacho! Karibu baba kijacho! Mmefika penyewe!" Nikamwambia tunataka kitanda cha mtoto cha kubana ubavuni. Akasema, "Subirini niwaonyeshe kitanda."

Kitu alichokionyesha kilikuwa na taa. Kilikuwa na muziki, nyimbo kumi na kitu, na sauti ya mvua. Kilikuwa na magurudumu, kikapu chini, mfuko pembeni, na kitu cha kuning'iniza wanyama wanaozunguka. Kilikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi ya mtoto. Akabonyeza mahali, upande wa kichwa ukapanda taratibu. "Hii ni kwa ajili ya kucheua, bosi. Mtoto anakaa kwa mwinuko."

Sasa hapo kuna jambo nililisoma. Mtoto mchanga shingo haijakomaa, ukimlaza kwa mwinuko kidevu kinaangukia kifuani, njia ya hewa inajikunja. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 imevipiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinuko unaozidi nyuzi 10. Nikajikohoza kidogo, kiutu uzima, nikauliza, "Hii ni nyuzi ngapi?"

Akapapasa shuka. "Hii si ya nyuzi bosi, hii ni pamba."

Mke wangu akageuka kuangalia ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Nikasema tunataka cha bapa. Akakirudisha chini, akaleta mito mirefu ya kuzungushia kuta za ndani, ya kupendeza kweli kweli, ina mawingu. "Hii ni asijigonge." Nikamuuliza, mtoto wa siku tatu atajigonga akitoka wapi akienda wapi? Nayo ilipigwa marufuku kwenye sheria ile ile, maana uso wa mtoto ukizama pale hana nguvu za kujinasua. Akaiondoa. Akaleta mto wa kichwa. Mke wangu akautoa. Akaleta blanketi nene. Mke wangu akalitoa. Akaleta dubu. Hapo nilimwona mke wangu anasita, dubu alikuwa na fulana, lakini akamtoa pia. Kijana akabaki amesimama na mzigo kifuani.

"Sasa mama, humo ndani tuweke nini?"

"Mtoto."

"Na nini?"

"Na shuka la kubana godoro, basi."

Akatutazama kwa huruma. Nadhani alidhani tumeishiwa.

Basi, tukahamia kwenye kitanda cha kawaida, hakina muziki, ukuta wa wavu upande mmoja, upande wa pili unafunguliwa zipu. Mke wangu akabonyeza godoro kwa kiganja, likarudi palepale, halikubaki na alama. Gumu. Akapitisha vidole pembeni, kati ya godoro na ukuta, vidole viwili vikaingia kwa shida. Zaidi ya hapo ni pengo la kunasia. Nikaona tunamaliza. Nikashika waleti.

Kijana akasema, "Ila kitanda chenu kina urefu gani?"

Nikatoa karatasi. Nikamsomea 56, nikamsomea 51, nikamweleza habari za bonde. Akafikiri sana. Kisha akaonyesha kitanda cha wakubwa kilichokuwa kwenye maonyesho, pale dirishani, watu wakipita wanaona. "Basi mzee, panda hapa tujaribu."

Mimi. Dirishani.

Nikatazama kulia na kushoto, nikavua viatu, na hapo ndipo kidole gumba changu cha kushoto kikatoka kwenye soksi kuja kusalimia umma. Nikapanda hivyo hivyo. Kijana akakisukuma kile kitanda kidogo mpaka ubavuni, akashusha zipu, akaleta mwanasesere, akamlaza chali. Akarudi nyuma hatua mbili kama mwongozaji wa maigizo. "Sasa ni saa tisa usiku. Mtoto analia. Baba unafanyaje?"

Nikamwambia mtoto halii. Yule kijana, bila aibu, akaanza kulia yeye. Si kulia kidogo, alikipatia hasa kile kilio cha kichanga, chenye kukatika katikati kutafuta pumzi. Watu wakasimama. Nikanyoosha mkono, nikamfikia mwanasesere, nikamwinua.

"Shingo!" akapiga kelele mama mmoja mwenye kikapu. "Mwanangu, mshike shingo!"

Nikamshika shingo. Babu mmoja akasema mwache alie kidogo, mapafu yapanuke. Mama wa kikapu akamgeukia babu. Wakaanza yao. Kijana bado analia.

Huku mke wangu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa kazini, alikuwa ameinama pale vitanda vinapokutana. Akasema, "Simama hapo hapo." Akapitisha mkono kati ya godoro kubwa na kitanda kidogo. Vidole vikaingia. Kiganja kikaingia. Mkono ukaenda mpaka kwenye saa. Kumbe kitanda kikubwa kina fremu ya mbao iliyotokeza nje ya godoro, kwa hiyo hata ukikisukuma kile kidogo namna gani kinagota kwenye mbao, na kati yake na godoro panabaki mfereji. Mtoto anateleza humo saa tisa na nusu, wewe uko bondeni umelala.

Kijana akaacha kulia. "Hiyo si tatizo, kuna mikanda." Akaipitisha mikanda chini ya godoro mpaka upande wa pili, akaivuta. Mikanda ni kweli ndiyo inayoshikilia, bila mikanda hicho si kitanda cha ubavuni, ni kitanda kilichopita karibu. Lakini alipovuta, kitanda kidogo hakikusogea, nikasogea mimi. Mtu mzima na godoro lake, taratibu, kuelekea kwa mwanasesere, mbele ya kadamnasi, gumba likiwa hewani. Mfereji ukabaki palepale.

"Basi hapo mnaziba na taulo," akasema.

"Pengo haliibwi kwa nguo, mdogo wangu," mke wangu akasema. Aliteleza ulimi, alitaka kusema halizibwi, na hakuna aliyethubutu kucheka. "Nguo inahama, mtoto anaifuata, tena sasa ana kitu cha kumfunika uso. Vinatakiwa vikutane vyenyewe." Halafu akaniuliza, "Kitanda chetu kina fremu ya kutokeza?"

Sikujua. Kitanda nilichokilalia miaka yote hii. Nilikuwa nimelala pale dirishani, godoro halina bonde, mgongo umenyooka kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, mama wa kikapu na babu wamefika kwenye suala la maziwa, na kwa kweli niliwaza kuwaambia waende tu, mimi nitakuja baadaye.

Nikashuka. Nikavaa viatu. Nikaitazama bei, nayo ikanitazama. Nikauliza, ili nipate pa kushika, kitanda hiki tutakitumia mpaka mtoto ana umri gani. Kijana, ambaye muda wote alikuwa anaongea mpaka nje wanasikia, akashusha sauti. "Kilo 9, bosi. Au akianza kujiinua kwa mikono na magoti. Kinachotangulia."

"Hiyo ni lini?"

"Wengine miezi mitano, sita."

"Halafu?"

"Halafu mnakuja kuchukua kikubwa." Akatabasamu. "Tunavyo."

Sasa jamani. Miezi mitano. Chaja ya simu yangu ina udhamini wa mwaka mzima. Mtu unapima, unapanda dirishani, unaumbuliwa na soksi, unanunua kitanda, na huyo mtoto, bado hata hajui kuwa ana miguu, anajiinua asubuhi moja kwa furaha zake, tena mnampigia makofi na kumpiga picha, kumbe kwa kitendo hicho ameshajifukuzia kitanda. Na wanasema kichanga hulala saa 14 mpaka 17 kwa siku! Sijawahi kukutana na mzazi aliyeziona. Zinakatwakatwa vipande vya saa mbili mbili, kila kipande kinaisha wewe ndiyo kwanza shavu linaugusa mto. Halafu ndani ya hizo saa mbili eti nawe unatakiwa uende kazini ukamsikilize mzee wa kifudifudi.

Nikamwambia mke wangu, Finland huko, tangu mwaka 1938, serikali inawapa kina mama sanduku la karatasi ngumu, ndani kuna nguo za mtoto na kigodoro, na wengi wakamlaza mtoto humo humo. Mwanzo lilikuwa la wenye kipato kidogo, mwaka 1949 likawa la kila mama. Bapa, tupu, halina muziki. Ndicho kile kile tunachokitafuta. Nikanyoosha mkono kuonyesha nyuma ya kaunta, walikuwa wamerundika maboksi.

Akasema, "La kwao lina kigodoro cha saizi yake. Yale yalikuwa ya feni."

Tukarudi nyumbani kuangalia fremu. Haikutokeza, Mungu mkubwa. Kitanda tukakichukua, kile cha wavu, na kimeingia vizuri, vidole havipiti. Lakini kimeingia upande mmoja tu, upande wa mlangoni, maana upande wa pili ni ukuta. Upande wa mlangoni ni wangu. Nimelala pale tangu tuoane, kwa majukumu ya ulinzi. Sasa anayenyonyesha ndiye anayetakiwa kuwa karibu na mtoto, hilo sibishani nalo, kwa hiyo mimi nimehamishiwa ukutani. Ukutani hakuna soketi. Ukutani kuna ule unyevu niliosema nitaupaka rangi. Na nikitaka kutoka usiku kwenda kujisaidia, mbele yangu kuna mke, baada ya mke kuna mtoto, kwa hiyo njia ni moja, kutambaa mpaka miguuni mwa kitanda na kushukia pale gizani.

Jana nilifanya majaribio. Nimetambaa vizuri tu, nikashusha mguu, mguu ukaingia kwenye beseni. Nikauliza beseni linafanya nini hapo. Mke wangu akasema ni la nepi, na kwamba hata hapo nisipazoee, kabati la mtoto linakuja Jumamosi.