Fildi Yangu Ilikuwa Mihuri Mitupu

Nilipokuwa mwanafunzi, fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, niliimaliza katika ofisi moja ya hapa mjini, nikitoa fotokopi na kutumwa vitumbua Darajani. Kitabu changu cha fildi kilirudi kimejaa mihuri. Hakuna aliyeniuliza nimejifunza nini na mimi, kusema kweli, nilishukuru.

Siku hizi Unguja vyuo si haba. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imetoka Vuga mpaka Tunguu, na tangu 2023 Bweleo tuna IIT Madras, tawi la kwanza la IIT, vyuo vya teknolojia vya India, nje ya nchi hiyo, linalosomesha data na akili mnemba. Nafurahi. Lakini ukitaka nikuoneshe ubunifu wa chuo, sikupeleki maabara. Nakupeleka Paje, maji yamekupwa.

Huko pwani ya mashariki kilimo cha mwani wa biashara kilianza 1989, na wengi wanaokilima ni wanawake: mambo (vijiti vya kuchomeka mchangani), kamba, taitai za kufungia mwani, mgongo umeinama tangu bamvua, siku za maji kukupwa sana, ianze. Kati ya aina mbili za mwani zinazolimwa, kotonii ina bei kuliko spinosamu, ila bahari ilipozidi joto ikawa inaoza na kufa kwenye maji mafupi. Dk. Flower Msuya, wakati huo mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini makao yake ni hapa kwetu, hakuishia kuandika ripoti. Yeye na wakulima walijaribu kuupanda mwani huo ndani ya nyavu za mrija, kwenye maji ya kina yaliyo baridi zaidi. Mwani ukakubali. Tatizo likahama: maji ya kina yanataka chombo na yanataka mtu ajue kuogelea, na kina mama wengi hawakujua. Hili ubaoni halionekani hata usome miaka mitatu. Tangu 2006 kukawa na umoja wa watafiti, wakulima, serikali na wafanyabiashara wa mwani, na sabuni na krimu za mwani unazoziona madukani zimetokana na kukaa pamoja kwa namna hiyo.

Kwa hiyo chuo kikitia saini makubaliano ya ushirikiano, zile picha za kupeana mikono mimi hazinishughulishi. Nataka kujua mwanafunzi atashika nini, na atakosea mbele ya nani. Wa kompyuta naye aende Paje bamvua mbili tatu kabla hajagusa kibodi. (Programu za simu za kuwasaidia wakulima ambazo hakuna mkulima aliyeziomba nimeshaziona, zinatosha.)

Na mkulima apewe sehemu ya maksi. Nilimwambia hivyo mwalimu mmoja, akacheka: "Hao watawafelisha wote."

Wangeanza na mimi.